Tukigeuza Santuri, Tusalimiane

Juzi mjukuu wangu wa kike alifika likizo hapa Dongobesh. Akapita mlangoni, akapita mbele yangu nikichambua maharage, akaenda kukaa dirishani bila neno. Nikashika ungo nikisubiri shikamoo yangu. Haikuja. Nilipotazama vizuri nikaona vile visikilizio masikioni, na kichwa kinakwenda taratibu, huku na huku. Nikataka kugomba. Halafu nikasikia, kwa mbali kama nyuki ndani ya mzinga, fidla kubwa inalia. Hasira ikaniishia palepale, maana sauti ile naijua, na kosa lile nimewahi kulifanya mimi.

Nitakueleza, lakini univumilie. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na daftari ninaloandikia mambo yangu limejaa mistari niliyoikata, nikaiandika upya, nikaikata tena. Penye shaka nitasema.

Tulikaa kijiji cha Daudi, miaka ile ya Ujamaa. Asubuhi shamba la kijiji, mchana kisomo cha watu wazima. Mwalimu wetu alihamishiwa kwetu kutoka upande wa Songea, na baridi yetu ilimtesa, akavaa koti hata darasani. Alikuja na kitanda, sufuria mbili, na gramafoni ya kutia ufunguo aliyoachiwa na mkufunzi wake, pamoja na santuri saba. Hakuna aliyeimba humo. Ni fidla, vinanda na zumari tu, muziki wa Ulaya wa zamani sana. Majina yake yaliandikwa kwa lugha ambayo hata mwalimu aliisoma kwa kubahatisha, kwa hiyo tukaupa majina yetu: Ukungu Unapanda, Ng'ombe Wameona Maji, na ule wa fidla kubwa tukauita Mjane.

Kisomo kikiisha, saa kumi hivi, watu hawakurudi kwao. Walihamia nyumbani kwa mwalimu wakasikiliza. Bibi yangu alikuja na kikapu cha mahindi ya kupukuchua, nami nikakaa chini karibu na mlango nikimsaidia. Palikuwa na viazi vya kuchemsha, na chai ya maziwa yenye harufu ya moshi. Mwanzoni punje ziliingia kikapuni kwa kelele. Fidla ikianza, vidole vilipunguza mwendo vyenyewe, punje ikawekwa badala ya kutupwa. Bibi alikuwa na neno lake: "Muziki huu haukufundishi kucheza. Unakufundisha kupukuchua."

Tatizo lilikuwa moja. Upande wa santuri ulikuwa dakika nne, na kwetu mtu akiingia ndani akakuta wazee sita, anaamkia mmoja mmoja, anaulizwa ng'ombe, watoto, na mvua ya kwao, hata kama kwao ni ng'ambo ya shamba tu. Wakimaliza, sindano inakwaruza katikati na muziki umekwisha. Mwalimu alivumilia wiki nyingi. Siku moja akasema, kwa adabu kabisa, "Wazee wangu na mama zangu, santuri ikizunguka, tusisalimiane."

Bibi akamwuliza, "Mwalimu, mtu akiingia asiamkiwe, ameingia mtu au umeingia moshi?"

Watu wakacheka, lakini wakakubali.

Sasa, jirani yetu, mzee fundi baiskeli, hakulisikia tangazo hilo. Yeye alichelewa daima, hakuja kabla ng'ombe wake hawajanywa maji, na hakuna aliyempenda Mjane kuliko yeye. Siku hiyo hiyo akapiga hodi, Mjane analia. Kimya. Akapiga tena, akaingia. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Shikamoo ilifika kwenye meno. Nikamtazama mwalimu, naye kaweka kidole mdomoni. Nikainamisha macho kwenye gunzi langu. Mzee akawatazama watu wote wale, akanitazama mimi, akageuka, akaenda zake.

Nisimwonee mwalimu: hakujua kwamba mzee hana habari. Na mimi nilikuwa na miaka tisa, au kumi. Lakini mdomo ulikuwa wangu.

Kesho yake nilimkuta kisimani. "Shikamoo babu." Hakuitikia. Kwenye daftari nimeandika kwamba upepo ulikuwa mkali, huenda hakusikia. Siku iliyofuata hapakuwa na upepo, na hakuitikia. Unajua mwenyewe, mtoto akinyimwa marahaba na mzee ni kama amefungiwa nje, na ndani watu wanakula. Nikaanza kwenda shule kwa njia ya mbali ili nisikutane naye, na huo nao ukawa utovu wa adabu mwingine.

Bibi aliona sili chakula. Akanibana, nikasema yote. "Ulimtii mwalimu, sawa," akasema. "Basi mwende wote wawili, wewe na yeye, mkamwombe radhi."

Tulimkuta mzee amepindua baiskeli, anaziba pancha.

"Shikamoo mzee," mwalimu akasema.

"Marahaba mwalimu."

"Shikamoo babu," nikasema mimi.

Akazungusha gurudumu, akalitazama likizunguka mpaka likasimama.

"Mzee, kosa ni langu, si la mtoto," mwalimu akasema. "Mimi ndiye niliyewakataza. Upande mmoja ni dakika nne tu."

"Na shikamoo ni dakika ngapi?" Mzee akafuta mikono. "Nimepiga hodi, nimepiga tena. Watu wamekaa, macho wazi, hakuna wa kusema karibu! Nikajiambia, leo nimekufa, na hawa ndio wanaoniomboleza. Maana hata muziki wenyewe ulikuwa wa msiba."

Mwalimu akacheka kabla hajajizuia. Mdomo wa mzee nao ukacheza kidogo.

"Hicho kisahani," akauliza, "si huwa mnakigeuza?"

"Tunakigeuza."

"Basi mkikigeuza, nisalimieni. Mimi nitaingia kama mwizi, nitakaa. Lakini kikinyamaza tu, huyu," akaninyooshea spana, "ndiye aanze."

Marahaba hakunipa hata hapo. Nikalala nikiingoja.

Kesho yake akaja, mzee mzima, ananyata, fimbo kwapani, akakaa. Mjane akalia mpaka mwisho wa upande wa kwanza. Mwalimu akainua sindano. Watu wote wakanigeukia.

"Shikamoo babu."

"Marahaaaba," akaitikia, ndefu, inashuka kama gramafoni iliyoishiwa ufunguo. Nyumba nzima ikaangua kicheko, na mahindi yakanimwagika.

Ikawa desturi. Kila upande ukiisha, mwalimu alisimama na santuri mikononi kama mtu aliyepewa kichanga cha mgeni, akingoja ng'ombe na mvua za kila mtu ziishe. Siku nyingine chai iliisha kabla upande wa pili haujaanza. Kusema haki, sijui nilipenda kipi zaidi, muziki au ile nafasi ya kugeuza.

Mwalimu alihamishwa, akaenda na gramafoni yake. Bibi hayupo, fundi hayupo. Nyumba ya mwalimu sasa ni stoo ya mahindi yaliyopukuchuliwa na mashine. Silalamiki. Vidole vyangu vinaishukuru mashine.

Mjukuu alipogundua namtazama, akavitoa visikilizio. "Bibi! Shikamoo. Jamani, sikukuona!" Nikaitikia, nikamwomba aweke simu kwa sauti nami nisikie. Alikuwa Mjane, nina hakika, au niseme nakaribia kuwa na hakika. Pakafika mahali ambapo upande wetu uliishia. Muziki haukusimama, ukapita moja kwa moja kama mtu asiyejua hodi. Lakini mdomo wangu umezoea. "Shikamoo babu," nikasema.

"Unamwamkia nani, Bibi?"

Nikamsimulia haya yote. Akasikiliza, kisha akaurudisha muziki mwanzo, tukaufuata kimya. Ulipofika palepale akabonyeza simu, ukanyamaza. Akanitazama, anasubiri.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaaaba," akaitikia mtundu huyu, kwa sauti nzito ya mzee, na maharage yakanimwagika.