GPS ya Fundi Lifti

Mume wangu ni fundi lifti, mimi ni msusi. Yeye alikuwa kutwa anapanda na kushuka majengo ya watu bila kusema neno, mimi kutwa nimesimama mahali pamoja nasema mpaka koo linakauka. Wateja wangu walikuwa wakiniuliza, nyinyi wawili mliwezana vipi? Nawajibu kwamba mmoja alitaka wa kumsikiliza, mwingine alitaka wa kumsemea. Tuliishi hivyo miaka mingi na hatukuwa na neno.

Kisha mwenzake akafia kazini. Huyo tulimwita Mapengo, kwa sababu meno yake ya mbele yalishatangulia, na alikuwa akija kwetu kula kila alipojisikia, anafunua sufuria mwenyewe. Walikuwa wakitengeneza lifti ya jengo la ofisi. Mapengo yuko chini shimoni, mume wangu yuko juu, na lifti ikashuka. Uchunguzi ulifanyika, ukaisha, mume wangu hakukutwa na kosa lolote. Akarudi nyumbani, akavua buti zake za kazi, na tangu hapo hakuzivaa tena.

Hakulia. Ningeshukuru kama angelia. Alikaa kwenye kochi upande wa dirishani, akiulizwa anajibu, akipewa chakula anakula, akiambiwa aoge anaoga. Umelala vizuri? Vizuri. Chai imekolea? Imekolea. Siku moja nilisahau sukari makusudi, nimpime. Akainywa yote mpaka chini. Hapo nikajua mwanamume huyu amekufa ganzi kuanzia ulimi mpaka rohoni.

Na mimi nisijitie ushujaa. Mwanzoni nilijikaza kisabuni, baadaye nikachoka, baadaye hata huko kuchoka kukaniishia. Nilikuwa nasuka vichwa vya watu na sijui ni kichwa cha nani. Dada yangu akaniambia, njoo ukae kwangu, chumba kipo, kabla hamjawa maiti wawili mnaogawana shuka. Nikamwambia nitakuja mwisho wa mwezi. Mume wangu sikumwambia, na ukweli ni kwamba sikujali sana kama angeuliza nimekwenda wapi.

Binti yetu, kifungua mimba, anayeishi mbali, ndiye aliyetuletea habari za mchezo wa makopo. Watu wanaficha vikopo vichakani, chini ya madaraja, nyuma ya mabango, wanaweka namba za mahali hapo kwenye mtandao, na wengine wanakwenda kuvitafuta. Ukikipata kikopo unaandika jina kwenye karatasi iliyo ndani, unakirudisha, unakwenda zako. Nikamuuliza, hamna zawadi? Hamna, mama. Nikasema kweli watu wameshiba. Lakini daktari alikuwa amemwambia baba yake atembee, na tulipojaribu kwa simu yangu, baba yake alitoka nyumbani kwa miguu yake bila kusukumwa.

Simu ndiyo iliyotuangusha. Kule mlimani kwenye miti mtandao ulikatika, ramani ikaganda, chaji ikaisha, tukarudi mikono mitupu. Njiani mume wangu akasema, "Inatakiwa GPS yenyewe, ya kushika mkononi." Sentensi nzima, na hakuna aliyemuuliza. Nikajiwekea nadhiri: twende tukainunue, na siku hiyo nikiona hata chembe ya yule mtu aliyenioa, nitabaki. Nisipoiona, nakwenda kwa dada.

Duka lilikuwa la mahema, tochi na viatu vya kupandia milima. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu, mikono yake haitulii. Akatupangia tatu juu ya kaunta. Moja ya kugusa kioo kama simu, ramani yake inang'aa. Moja ndogo, inaenea kiganjani. Ya mwisho nene, ya njano, ina vitufe pembeni na inatumia betri za kawaida za tochi. Mimi niliipenda ya kugusa. Mume wangu akaichukua ile nene, akabonyeza kitufe, akasikiliza mlio wake, akabonyeza kingine.

"Baba, hiyo ni ya zamani kidogo," muuzaji akasema.

"Ina vitufe," mume wangu akamjibu.

"Maisha yake yote ni vitufe," nikamwambia muuzaji. "Ningekuwa na kitufe mimi, tusingefika hapa kwako."

Muuzaji alicheka mpaka akaishika kaunta. Mume wangu hakucheka. Alikuwa amegeuza kifaa anasoma mahali pa kuweka betri.

Muuzaji akatueleza kwamba ndani ya duka GPS haioni kitu, inataka anga wazi ndipo izipate setilaiti, kwa hiyo wateja wake huwajaribishia nje. Mmoja anatoka naye kuficha kikopo, wanaweka alama kwenye kifaa, kisha mwenzake anapewa kifaa akakitafute. "Ila kumbuka, baba," akasema, "hiki hukosea hatua chache. Kikishakufikisha karibu, kitie mfukoni utumie macho. Wengi wanaendelea kukitazama, wanakikanyaga kikopo hawakioni." Mume wangu akaitikia kwa kichwa.

Mume wangu akabaki dukani, mimi na muuzaji tukazunguka nyuma ya maduka, penye uwanja mdogo wa kuegesha magari na tangi la maji. Muuzaji akaweka alama, akanipa kikopo nikifiche. Nikamwambia atangulie ampelekee mume wangu kifaa, mimi nitabaki nitazame. Alipokata kona nikakitumbukiza kikopo kwenye mkoba, nikafunga zipu, nikasimama pale pale penye alama. Sikuwa nimepanga. Nilitaka tu anitafute mimi, japo mara moja, na akinipata nione kwamba amenipata.

Akaja. Alikuja polepole, kifaa kiko mbele ya kifua, anageuka kidogo kushoto, anageuka kidogo kulia. Moyo niliodhani umeshazimika ukaanza kunipiga mbavuni. Akafika, akasimama mbele yangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Akaitazama GPS. Akainama akachungulia chini ya tangi, akanyanyua tofali, akalirudisha. Akaitazama tena GPS.

"Kimenileta penyewe," akasema. "Lakini hapa hakuna kitu."

Nilipandwa na hasira, na kwa kuwa sikuwa nimehisi chochote kwa muda mrefu, ilinitoka yote kwa mkupuo. Nikamwambia, hakuna kitu, kwani mimi ni nguzo? Umeambiwa ukifika ukitie mfukoni utumie macho, mtoto wa chekechea angeelewa, wewe umekikodolea macho kioo na mkeo amesimama puani kwako. Nikamwambia habari za dada, na chumba, na mwisho wa mwezi. Nikamwambia nimechoka kuolewa na kochi. Mtu mmoja alishusha kioo cha gari lake atusikilize vizuri, nikamtazama, akakipandisha.

Mume wangu alingoja nimalize. Kisha akakitia kifaa mfukoni.

"Wewe nilikuona," akasema, kwa sauti yake ile isiyopanda wala kushuka. "Tangu kule kwenye magari."

"Uliniona ukanyamaza?"

"Nilikuwa nafuata kifaa." Alitazama chini, kwenye saruji. "Siku ile pia, mama watoto. Taa ya kwenye paneli ilikuwa ya kijani, maana yake chini hakuna mtu. Nikabonyeza. Mapengo alikuwa anapiga mluzi kule chini. Nilikuwa namsikia."

Sikumwambia kwamba si kosa lake. Hayo alishaambiwa na kila mtu, nikiwemo mimi, na hayakumfaa kitu. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, ila aliuacha mkononi mwangu. Nikajua mwisho wa mwezi siendi popote, na wala sikufurahi, nilijua tu.

Muuzaji akachungulia konani, labda ameanza kukihofia kifaa chake.

"Vipi, mama, amekipata?"

"Bado," nikamwambia. "Tuachie kidogo."