Majibu ya Paka wa Marcella

Mtafiti wa virusi vya paka anayekuja Muhuru Bay ana mikono iliyochanwachanwa kama ya mtu aliyeangukia michongoma. Kwanza yeye humwamkia kila paka, "Habari ya asubuhi, mzee," kisha humviringisha kwa taulo, akimwachia nje kichwa na mguu mmoja, na kumtoa damu kidogo huku akimwomba radhi kwa sauti ya chini. Paka hawamsamehe.

Juzi alimletea Marcella, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, majibu ya damu ya paka wake. Majirani walikuwa wamesikia kwamba paka wake ana ukimwi, wakajaa mlangoni wakitaka atupwe ziwani. Mtafiti alimpakata paka, akamziba masikio kwa viganja, ndipo akasema, "Ni kweli, ana virusi. Lakini ni vya paka tu, havimpati mtu. Akila vizuri na asipopigana, ataishi miaka."

"Sasa mbona unamziba masikio?" Marcella akauliza.

"Majibu ni siri ya mgonjwa, mama."

Mzee Obare, aliyekuja na gunia la kumtilia paka, akalikunja polepole, akamsogelea mtafiti na kumnong'oneza, "Daktari, wangu nimlete lini? Lakini mtu asijue."