Vidole vya Mzee Mholanzi

Juzi mwenzangu darasani aligonga dawati akihesabu mizani ya shairi, nikamkumbuka mzee Mholanzi wa mtaa wa Al Thumama, kule ughaibuni, aliyeuguzwa na mama nilipokuwa mdogo. Alikuwa mshairi na msomi wa Kilatini, lakini kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno yote.

Chumba kilinuka spiriti, AC ikinguruma. Vidole vyake viligonga ukingo wa kitanda kwa mdundo: taa, ta-ta, taa. Leo najua alikuwa akipima mistari aliyoshindwa kuitamka. Siku ile nilidhani ananipigia ngoma, nikakata kiuno kama niko harusini.

“Wee! Heshimu mgonjwa!” mama akafoka.

Vidole vikatulia.

“Ongeza, babu, ndio kwanza napata moto!” nikamhimiza.

Mama akamshika mzee kifundo cha mkono, akatafuta mapigo, akayakosa. Safari hii hakunifokea, na hapo ndipo nilipoogopa.