Sebule Ndani ya Kisima

Kila ninaponusa chokaa mbichi, nasikia maji yakiporomoka.

Bomba lilipofika mtaani kwetu Newala, baba alikikausha kisima chetu cha maji ya mvua, kikubwa, kilichochimbwa ubavuni mwa nyumba, kuta zake zikichomoza juu ya ardhi, akatangaza kwamba sasa ni sebule. Alitoboa madirisha, akajenga ngazi, akapaka chokaa mpaka mtu akishuka anafumba macho. Madukani Masasi vitu vilikuwa vimeanza kufurika. Akaenda, akarudi na makochi mekundu.

Wageni wa kwanza walikuja kumposa dada. Mshenga wao alikuwa anasifia ule mwanga, mara mvua ya kwanza ya msimu ikashuka. Mfereji wa paa, ambao hakuna aliyekumbuka kuugeuza, ukamimina maji yote mle mle ulimozoea, mapajani mwa mshenga.

Mama hata hakuyatazama makochi. "Ndoo! Leteni ndoo!"

Mshenga akavua koti. "Mama, nipe na mimi moja."

Posa ilikubaliwa pale pale ngazini, watu wakipokezana ndoo.

Bomba likakauka kabla ya harusi. Baba akawa anawaambia majirani kwamba yeye kisima alikuwa anakisafisha tu.