Makumbi ya Matopeni

Siruhusiwi kutoka humu maabarani mpaka tanuru lipoe. Sheria ni sheria. Miezi minne sasa tanuru hili limenishika mateka, na aliyeniingiza mtegoni ni mama yangu mzazi, kwa mapenzi yake.

Kazi yangu ya shahada ni kutengeneza grafini, kaboni nyembamba ajabu, na kuitia salfa ili ihifadhi umeme vizuri. Naichoma kutokana na makumbi ya nazi ya kwetu Kivinje. Mama alinitumia gunia la kwanza, nikachoma, nikapima: salfa imeshika, umeme unakaa. Msimamizi wangu akafurahi. "Rudia mara tatu," akasema, "kisha uandike."

Loo! Gunia la pili halikutoa kitu. Nilipandisha joto, nikashusha, nikaongeza salfa mpaka chumba kikanuka mayai viza. Wapi! Mwishowe msimamizi akaniita. Hakufoka, afadhali angefoka. "Zile namba za kwanza ulizipata wapi?" Akanipa mwezi mmoja nizipate tena, hata mara moja tu. Nikishindwa, naandikwa mwongo, na chuoni nafukuzwa.

Nikaenda nyumbani. Mama alikuwa uani anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Mficha uchi hazai, hebu sema."

Nikamweleza yote. Akaweka ukili chini. "Ewe mwanangu! Yale ya kwanza niliyafukua pwani. Yalikaa matopeni nusu mwaka, ya kusokotea kamba. Yalinuka, nikaona haya. Wenzako huko wanavaa makoti meupe. Ndiyo maana mara ya pili nikakuchagulia makavu, safi."

Kumbe yale matope meusi ndiyo yaliyotia chumvi na salfa. Mimi na kemikali zangu tulikuwa wapambe tu.

"Yamebaki mengine?"

"Hata moja. Nikifukia leo, subiri nusu mwaka."

Nami nina mwezi! Nililia, mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya kuku. Mama akanyanyuka akaingia ndani. Nikasikia kisu kinakereza. Kuchungulia, godoro liko sakafuni, naye ameinamia kitanda chake cha kamba, anakata fundo moja moja.

"Mama, acha!"

"Niache nini? Hizi nilizisokota kwa makumbi ya shimo lile lile. Zitatosha?"

Nikasema zitatosha. Zinatosha kuchoma mara moja tu, na ndizo zimo tanuruni sasa hivi. Nimekaa mbele ya kioo kinachoonyesha joto, hata chai sithubutu kwenda kunywa. Naogopa, nisiseme uongo.

Asubuhi mama alipiga simu. Hakuuliza habari za kamba. Aliuliza kama nimekula, kisha akasema sakafuni kuzuri, kuna ubaridi, analala usingizi wa kitoto. Mgongo wake naujua mimi. Katika kazi yangu yote hii, huo ndio uongo pekee.