Kanisa la Chini

Kanisa letu la zamani lilijengwa kwa mawe meusi ya volkano, na waliolijenga hawakuwa na haraka. Mapadri wazungu walichora, wazee wetu wakachonga. Kila jiwe lilizungushiwa saruji iliyochomoza kama mshono wa gunia. Madirisha yalikuwa membamba, yenye matao ya matofali, na ndani kulikuwa na ubaridi hata jua likiwaka. Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto. Katika ukuta wa upande wa wanawake, fundi mmoja alipanga msalaba wa matofali mekundu katikati ya mawe, ukaonekana ndani na nje. Sijui nani alimwagiza. Nadhani aliupenda tu.

Nje ya ukuta huo, chini ya msalaba, alizikwa mdogo wangu. Aliishi siku chache, katekista akambatiza mbiombio, akafa. Padri alimkubalia baba amzike pale. Tangu hapo mama alikaa ndani sehemu ileile kila Jumapili, bega lake likigusa mawe.

"Tunasali pamoja," aliniambia. "Ni ukuta tu iko katikati yetu."

Kisha volkano ikalipuka. Lava iliingia kwa mlango mkubwa, ikaangusha paa na mnara, ikafunika kila kitu na kupoa juu yake. Baadaye tingatinga likasawazisha. Tuliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka, mtaa mzima ulikuwa jiwe jeusi linalofuka moshi, na hakuna aliyeweza kuonyesha jiko lake lilikuwa wapi.

Hata hivyo tulibishana kwa uhakika mkubwa. Sisi watu wa Goma tuna vichwa vigumu: tunajenga juu ya kitu kilekile kilichotuunguza, halafu tunagombania mipaka. Wazee wa parokia walikumbuka vizuri umbali wa kanisa kutoka barabarani. Wakapima, wakakubaliana, na hapo kanisa jipya likasimama, la mbao na mabati ya bluu. Ukiliona utadhani ni depo ya saruji. Siku ya kwanza mama alitembea polepole kando ya ukuta, akasimama.

"Ni hapa. Mutoto wangu iko hapa chini."

Katika kanisa jipya altare ilikuwa imegeuziwa upande mwingine, kwa hiyo mahali pa mama paliangukia katikati ya wanakwaya. Walinung'unika, wakamwonyesha mabenchi ya akina mama, mwisho wakachoka. Mama alizeekea pale, amezungukwa na waimba besi, na sijawahi kumwona ametulia mahali pengine kama alivyotulia pale.

Mwaka huu parokia iliamua kuchimba tangi la maji ya mvua, upande wa pili wa uwanja, nyuma ya vyoo. Wachimbaji walipasua lava kwa nyundo na patasi kwa majuma mengi. Asubuhi moja waliniita, kwa kuwa mimi ndiye ninayewasimulia wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, historia ya parokia. Nikachungulia shimoni. Mawe meusi, mshono wa saruji, na katikati yake msalaba wa matofali mekundu.

Tulipima kutoka barabarani, lakini barabara nayo ilikuwa mpya! Tingatinga liliifungua mahali palipokuwa rahisi, mbali na ile ya zamani, na wazee wote wale hawakuliwaza hilo. Nilishikwa na hasira, ila wengi wao wameshakufa, kwa hiyo sikuwa na wa kumgombeza.

Niliwaomba wachimbaji wanyamaze. Mama ana miguu mibovu, huku nyuma haji kamwe. Nilitaka aondoke duniani na amani yake. Lakini parokia yetu haina siri: kabla ya chakula cha mchana, mwimbaji mmoja alikuwa amekwisha kumwambia.

Alikuja na fimbo yake, hatua kwa hatua juu ya vifusi. Wachimbaji waliweka nyundo chini. Padri alimfuata, akajaribu kumfariji.

"Mama, mbele ya Mungu hakuna mbali wala karibu. Sala zako zote zilifika."

Mama aliegemea fimbo yake. Alitazama msalaba shimoni, kisha akageuka, akatazama mabati ya bluu kule ng'ambo ya uwanja. Nilimshika mkono.

"Kumbe miaka yote hii," akasema, "mutoto alikuwa peke yake."