Friji ya Jirani na Volti Zilizopotea

Sogeza kiti karibu, nikusimulie jambo lililonivuruga kichwa siku tatu nzima. Kuna hesabu kidogo ndani yake, ila usiogope. Ni ya kujumlisha tu, na tutajumlisha pamoja.

Ninaishi Kicukiro, wilaya ya mji mkuu wa nchi jirani, katika ua wenye nyumba mbili zinazotumia mita moja ya umeme. Nafundisha hesabu. Jirani yangu ni mama aliyekulia Tanzania kama mimi. Anauza maziwa kupitia dirisha dogo linalotazama barabara: ya moto asubuhi, ya mgando baridi kuanzia mchana. Bila friji hana biashara, na bila biashara hana cha kumweka pale uani.

Mwezi uliopita taa zetu zilianza kufifia bila mpangilio. Alhamisi mwenye nyumba, ambaye alirudi kutoka Uganda miaka mingi iliyopita, akanijia.

"Mwarimu, wewe iko na mashine ya kupima umeme. Pima friji ya huyu mama. Kama ndiyo inakula umeme yetu, Jumamosi tukitoka umuganda, friji itoke."

Umuganda ni ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikaenda na kipimo changu. Soketi ya jirani inapokea plagi mbili. Nikapima upande mmoja wakati friji imechomolewa: volti 231. Safi kabisa. Jirani akachomeka friji upande wa pili. Ikanguruma, ikashindwa kuwaka, na namba zikaanguka mpaka 140. Akaichomoa: 231. Tukarudia mara tatu, na mara tatu ikawa vile vile.

"Ni friji," nikamwambia mwenye nyumba.

Jirani alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Mwalimu, friji hii nimekaa nayo miaka sita. Leo ndiyo imejifunza kuiba?"

Nikamwonyesha namba kwenye kipimo. Ijumaa jirani akayatoa maziwa yote na kuanza kuyagawa kwa wapita njia kabla hayajaharibika. Nilipewa kikombe na mimi. Nilikinywa kwa shida.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kutoka kwenda umuganda, nikachomeka pasi ninyooshe shati. Ikawa vuguvugu tu. Nikatazama taa: imefifia. Nikatoka nje kuchungulia kwa jirani. Friji ilikuwa wazi, tupu, waya wake umezungushwa juu yake.

Basi ni nani anakula umeme sasa?

Nikapima kwangu, pasi ikiwa imechomekwa: 152. Nikaichomoa: 231. Nikadhani kipimo kimekufa, nikabadilisha betri. 231, halafu 152. Nikahamia soketi ya chumbani, mambo yakawa yale yale. Kila chombo nilichochomeka kikawa mwizi, hata birika. Nilikwenda umuganda nikafyeka nyasi za mtaro huku nikijiuliza, mpaka mtu mmoja wa mtaani akaniambia nimefyeka pia maua ya watu.

Nikarudi mbio. Soketi, kama ujuavyo, ina waya tatu: waya moto unaoleta umeme, nyutro inayourudisha, na athi inayokwenda ardhini kwa ajili ya usalama. Hadi hapo nilikuwa nimepima waya moto na nyutro peke yake. Sasa, pasi ikiwaka, nikapima waya moto na athi: 231, haikutikisika. Nikapima nyutro na athi, mahali panapotakiwa kuwa karibu na sifuri: 79.

Jumlisha nami. 152 na 79 ni 231. Volti hazikuwa zimeliwa. Zilikuwa zimekwama kwenye njia ya kurudi.

Nje nikasikia sauti. Mwenye nyumba alikuwa amekuja na vijana wawili, na friji imeshainuliwa, miguu yake hewani.

"Iwekeni chini!" nikapiga kelele. "Si friji. Nilikosea."

"Arhamisi ulisema ni friji."

"Nilisema. Njoo uone pasi yangu inavyofanya."

Nikamwonyesha yote. Akainama juu ya kipimo. "Umeme inarudi? Inarudi wapi, na mimi nimeshairipia?"

Jirani akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Mwenye nyumba akakuna kichwa. "Sierewi kitu. Lakini iacheni kwanza."

Alasiri akaja fundi. Akazima swichi kuu, akahakikisha hakuna umeme, ndipo akafungua kisanduku cha waya wa nyumba zote mbili karibu na geti. Ncha mbili za nyutro zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe, na utepe umeungua ukawa kahawia. Akakata, akaunga upya kwa kiunganishi cha skrubu, akawasha. Friji ikanguruma, ikatulia, ikaendelea. Nikapima: 229, ikiwa kazini.

Bado kuna kitu sikielewi. Jumatano friji hiyo ilifanya kazi kutwa nzima bila kulalamika, kiungo kikiwa kile kile kibovu. Nilimuuliza fundi.

"Kiungo kilicholegea hakina ratiba," akasema, akifunga mkoba wake. Si jibu la mwalimu wa hesabu, lakini sikupata jingine.

Nilikwenda dirishani kuomba radhi. Jirani alikuwa akiisafisha friji kwa kitambaa.

"Friji imeachiwa huru," akasema. "Wewe bado. Kesho alfajiri kuna madumu manne ya maziwa pale kona, na mimi mgongo unaniuma."

Nikayabeba. Siku ya pili pia.

Na wewe, kabla hujamwambia mtu atoe chombo chake, kichomoe, chomeka pasi mahali pale pale, upime tena. Volti zikianguka hata kwa pasi, zima swichi kuu, uite fundi aangalie viungo.